Bima ya viza haitarudisha kamera yako

Swali: Shikamoo. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Dar es Salaam. Mwezi wa saba nakwenda Ufaransa kwenye tamasha la picha la Arles, kisha nitapanda treni hadi Brussels kupiga picha za harusi ya ndugu wa mteja wangu, kazi ya malipo. Wakala wa safari ameniuzia bima ya viza, na humo imeandikwa "mizigo: Dola 1,500". Kamera yangu ni Sony A7 IV, nina lenzi mbili, flashi na kompyuta mpakato, vyote karibu Dola 9,000. Lenzi ya tatu naazima kwa rafiki. Je, bima hiyo inatosha? Kama haitoshi, nichague ipi na niangalie nini?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Haitoshi. Na hata hizo Dola 1,500 ulizoandikiwa, begi likiibwa lote, huenda usipate theluthi yake. Kazi yangu ni udalali wa bima, upande wa kupigania madai ya wateja, na migogoro ya vifaa vya kupigia picha nayoiona huanzia karibu kila mara mahali pamoja: mteja amesoma tarakimu ya ukurasa wa kwanza, kampuni inalipa kwa kufuata maandishi madogo ya ukurasa wa kumi na mbili.

Tuanze na hiyo hati uliyo nayo. Imetengenezwa ili imridhishe ofisa wa ubalozi. Kanuni ya viza za Schengen, namba 810 ya mwaka 2009, inamtaka mwombaji awe na bima ya matibabu isiyopungua Yuro 30,000, inayofanya kazi katika nchi zote za Schengen, inayolipia matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani akiugua au akifariki. Kanuni inaishia hapo. Kamera haimo, begi halimo. Sehemu ya mizigo huongezwa na kampuni yenyewe, na kwa kuwa ada ya bima hizi ni ndogo, sehemu hiyo hufungwa kwa masharti kila upande. Usiitupe: bila hiyo viza hupati, na ukivunjika mguu Arles ndiyo itakayolipa hospitali. Iache ilinde mwili wako, kamera tuitafutie kinga yake.

Sasa tazama pesa zinavyopungua. Chukua mfano wa masharti ya kawaida kabisa kwenye bima za aina hii: mizigo yote Dola 1,500, kila kitu kimoja kisizidi Dola 300, vitu vya thamani vyote kwa pamoja, yaani kamera, kompyuta, simu na vito, visizidi Dola 500, na katika kila dai mteja abebe mwenyewe Dola 75 za mwanzo. Vifaa vyako ni kamera ya 2,500, lenzi ya 70-200 ya 2,800, ya 24-70 ya 2,300, flashi 400, kompyuta 1,000. Jumla 9,000. Mwizi akichukua begi zima, ukomo wa vitu vya thamani unakushusha hadi 500, toa 75, unaondoka na Dola 425. Na si hivyo tu. Hati nyingi zina sentensi inayosema kamera pamoja na lenzi zake na vikorokoro vyake vyote huhesabiwa kitu kimoja. Sentensi hiyo ikiwemo, kamera na lenzi mbili zilizokugharimu Dola 7,600 zinaingia kwenye ile 300 ya kitu kimoja.

Kwa hiyo ukikabidhiwa hati yoyote, ya wakala huyu au ya mwingine, ruka ukurasa wa kwanza. Tafuta ukomo wa kila kifaa, kisha ukomo wa vitu vya thamani, kisha maana ya neno "seti" au "jozi". Lenzi yako moja ni Dola 2,800. Kama ukomo wa kila kifaa haufiki hapo, hiyo hati hata ikikutangazia kinga ya mizigo ya Dola 20,000, iweke pembeni.

Lipo jambo zito zaidi ya hilo kwa mtu wa kazi yako. Bima za safari hukatwa kwa msafiri anayekwenda matembezi, na karibu zote zina kifungu kinachoondoa vifaa vya biashara au vifaa vinavyotumika kuingiza kipato. Wewe unakwenda Brussels kulipwa. Mtathmini wa hasara hahitaji kukuchunguza sana: atafungua ukurasa wako wa Instagram, ataona bei za harusi na namba ya oda, na dai litafungwa hapohapo. Usidhani kunyamaza kutakusaidia. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa pande zote mbili, na msingi huo una umri mrefu. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, Lord Mansfield wa Uingereza aliamua dai la gavana wa ngome ya Waingereza kisiwani Sumatra, aliyekata bima kwamba ngome isitekwe, kisha Wafaransa wakaiteka. Jaji alisema mwombaji wa bima lazima aseme mambo yanayojulikana kwake na ambayo mtoa bima hawezi kuyajua. Lakini gavana alishinda kesi, kwa sababu mtoa bima alijua au angeweza kujua hatari ya mahali pale. Faida ya kusema ukweli iko hapo: ukiandika kwenye fomu "mpiga picha wa harusi, kazi ya malipo, Ubelgiji", na kampuni ikapokea ada yako, haina tena pa kujificha.

Na hapo niseme kitu ambacho hukuuliza. Viza ya matembezi haikupi ruhusa ya kufanya kazi ya malipo. Hati nyingi za bima zinakataa hasara iliyotokea mtu akiwa katika shughuli iliyo kinyume cha sheria za nchi aliyopo. Kabla ya kulipia chochote, mwambie mwenye harusi akuandikie mwaliko unaoeleza kazi yenyewe, upeleke kwenye ubalozi wa Ubelgiji uulize ni kibali gani kinachotakiwa kwa kazi ya siku moja au mbili. Jibu lao litakulinda mpakani, na litamnyima mtathmini hoja.

Sasa, bima gani ununue. Unachohitaji ni bima ya vifaa, tofauti na ya safari. Hapa nyumbani kampuni za bima za kawaida zinazo mbili zinazokufaa. Ya kwanza ni bima ya hatari zote, ambayo inalipia wizi, kuanguka, maji, moto, isipokuwa yale tu yaliyotajwa kuwa hayamo. Ya pili ni bima ya vifaa vya kielektroniki, ambayo maofisi hukatia kompyuta na mitambo, na inaweza kuongezewa kifungu cha vifaa vinavyobebeka. Zote mbili kwa kawaida zinaishia mipakani mwa Tanzania. Wewe utaomba nyongeza ya eneo: dunia nzima, au angalau Ulaya pamoja na njia ya kwenda na kurudi. Omba kila kifaa kiorodheshwe kwa jina, namba ya utambulisho na thamani yake. Kifaa kilichoorodheshwa hivyo hakiguswi na ule ukomo wa kila kitu, kwa kuwa thamani yake yenyewe ndiyo ukomo. Hii ndiyo ningekushauri uikate, na uikate ya mwaka mzima, maana kamera itaendelea kukaa kwenye hatari ukirudi: kumbi za Sinza, boti ya Zanzibar, bajaji usiku.

Ada huhesabiwa kwa asilimia ya thamani. Ukitajiwa, tuseme, asilimia 3, kwa Dola 9,000 ni Dola 270 kwa mwaka. Uliza kama VAT imo ndani ya bei hiyo au itakuja juu yake.

Kuna kampuni zitakazokuambia vifaa vyako ni vichache mno kwao. Usikate tamaa. Kama una studio, hata chumba kimoja cha kupangisha, katia studio nzima bima ya moto na wizi, na vifaa viingie kama sehemu yenye kinga ya nje ya jengo. Mkiwa wapiga picha kadhaa mnaofahamiana, nendeni pamoja kwa dalali mmoja. Atakuwa na mzigo wa kutosha kuombea masharti mazuri. Na usivutwe na tovuti za Uingereza na Marekani zenye bima nzuri za wapiga picha. Nyingi zinawakatia wakazi wa nchi hizo pekee, na ukijaza anwani ya shangazi yako wa London ili fomu ikubali, umelipia karatasi tupu. Wenzetu wanaoishi huko hali yao ni tofauti: wao waanze na bima ya vitu vya nyumbani waliyo nayo, waulize kamera inaweza kuorodheshwa humo kwa jina, wakikumbuka kwamba nayo huwa haitaki vifaa vya biashara.

Thamani ya kuandikisha ina mitego yake. Swali la kwanza: wakilipa, watalipa bei ya kununua kifaa kipya, au bei mpya ikiwa imepunguzwa kwa uchakavu? Kamera ya miaka minne ikikatwa uchakavu, fidia haitakununulia hata bodi iliyotumika ya toleo lilelile. Omba kinga ya kifaa kipya kwa cha zamani, na kama inapatikana kwa vifaa vya chini ya umri fulani tu, jua umri huo. Swali la pili ni la wanaopunguza thamani ili ada ishuke. Tuseme vifaa ni vya 9,000 ukaandikisha 6,000. Lenzi ya 2,800 ikaibwa. Wengi wanadhani watalipwa 2,800 kwa kuwa ni ndogo kuliko 6,000. Kampuni itasema umejikatia theluthi mbili tu ya mali yako, itakulipa theluthi mbili ya hasara, Dola 1,867; na kama mkataba unakutaka ubebe asilimia 10 ya kila dai, zinabaki 1,680. Ungeandikisha thamani kamili ungelipwa 2,520: umeokoa Dola 90 za ada ukapoteza 840. Jambo la tatu ni shilingi. Kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinataka miamala ya ndani ya Tanzania ifanyike kwa shilingi, kwa hiyo hati yako itaandikwa kwa shilingi, ilhali lenzi utaenda kuinunua Dubai kwa bei ya huko. Weka thamani yenye nafasi kidogo juu ya kiwango cha leo cha kubadilisha fedha, na uirekebishe kila unapohuisha.

Twende kwenye kifungu kinachoua madai mengi kuliko kingine chochote: kuachwa bila uangalizi. Soma kwa makini jinsi hati inavyokieleza. Mara nyingi maana yake ni kwamba kifaa kilikuwa mahali ambapo hukioni, au hukuwa karibu kiasi cha kuweza kumzuia mtu asikichukue. Fikiria safari yako yenyewe. Treni ya kutoka Paris Gare du Nord kwenda Brussels Midi ni kama saa moja na dakika ishirini, na ina rafu za mizigo mwishoni mwa behewa. Begi lako likiwa kwenye rafu hiyo na wewe umekaa katikati, mwizi anashuka nalo dakika ya mwisho milango inapofungwa. Kwa mkataba, hilo ni begi lililoachwa. Stesheni hizo mbili wezi wa mabegi wanazijua vizuri, na mbinu yao ya kawaida ni mmoja kukuuliza njia au kukuonyesha doa mgongoni, wa pili akanyanyua begi. Kamba ya begi ipite mguuni ukiwa umekaa. Ndani ya treni begi liwe mapajani au miguuni pako.

Kwenye harusi ni vigumu zaidi, na hapa nakuomba ubishane na kampuni kabla ya kulipa, maana kazi yako haiwezekani bila kuweka begi chini. Uko mbele unapiga picha maharusi wakivishana pete, begi lenye lenzi ya pili liko chini ya meza ya wanamuziki. Je, hilo limeachwa? Waandike: kama msaidizi wako aliyetajwa kwa jina amekaa nalo, kinga ipo au haipo? Kama liko kwenye chumba kilichofungwa na ufunguo uko kwa mwenye ukumbi, je? Kwa gari, hati nyingi zinakubali tu kifaa kikiwa kwenye buti lililofungwa, kisionekane kwa nje, na kukiwa na alama za kuvunjwa. Nyingi zinakataa kabisa kulaza vifaa garini usiku. Kwa hoteli zinataka sefu, au chumba kilichofungwa chenye dalili za kuvunjwa. Mlango uliofunguliwa kwa kadi ya mfanyakazi hauachi alama, na kampuni itauliza alama ziko wapi. Aidha kuna kifungu cha kupotea pasipo maelezo: ukisema "nilifika hotelini nikakuta lenzi haimo", hakuna tukio, hakuna malipo.

Ndege nayo ina sheria zake. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania, Ufaransa na Ubelgiji zimo, shirika la ndege likipoteza au kuharibu mizigo ya abiria linawajibika hadi SDR 1,519, kipimo cha fedha cha IMF, kiwango kilichoanza Desemba 28, 2024. Ni takriban Dola 2,000 kwa abiria, kwa mizigo yako yote, nguo na viatu vikiwemo. Unaweza kutangaza thamani kubwa zaidi kaunta na kulipia nyongeza, lakini masharti ya mashirika mengi yanakutaka usiweke vifaa vya kielektroniki vya thamani kwenye mzigo wa chini. Bima nazo zinafuata njia hiyo hiyo: kamera iliyopakiwa chini haina kinga. Kwa begi ulilobeba mkononi, shirika linawajibika tu kama kosa ni la watu wake.

Kwa hiyo vifaa vinapanda nawe. Shida ni uzito. Emirates, Qatar na Ethiopian wanaruhusu kilo 7 mkononi kwa daraja la kawaida, Turkish kilo 8, KLM kilo 12 ukijumlisha na kipochi kidogo. Kamera, lenzi tatu, flashi na kompyuta ndani ya begi lenye povu vinavuka kilo 7 kwa urahisi, kwa hiyo unapolinganisha tiketi, linganisha na kilo hizo. Ndege ikijaa, begi linaweza kutakiwa langoni lishushwe chini. Uwe tayari: mfuko mwembamba wa kukunja ndani ya begi, kamera na lenzi zihamie humo zipande nawe, begi tupu liende. Betri za akiba lazima zibaki nawe kwa hali yoyote. Kanuni za usafiri wa anga hazikubali betri za lithiamu za akiba kwenye mzigo wa chini. Za Sony yako, NP-FZ100, zina wati-saa 16.4 tu, mbali na ukomo wa 100 unaoanza kuhitaji idhini ya shirika. Ukilazimishwa kushusha vifaa vyenyewe, omba mfanyakazi aandike hivyo kwenye karatasi au piga picha ya tagi na lango, na uliza kampuni ya bima mapema kama kushushiwa kwa nguvu kunaondoa kinga. Kuna zinazokubali, lakini zinataka ushahidi.

Lenzi ya rafiki. Bima inalipa mali ambayo wewe ukiipoteza unapata hasara, na nyingi zimeandikwa "mali ya mwenye bima". Njia salama ni iingie kwenye orodha yako kama mali iliyoazimwa iliyo chini ya dhamana yako, na muandikiane na rafiki barua fupi yenye namba ya lenzi, tarehe, na sentensi kwamba wewe ndiye utakayemlipa ikipotea. Kama yeye anayo bima yake, ulizeni kama inafuata lenzi ikiwa mikononi mwa mtu mwingine. Kampuni ikikataa kuiandika, usiende nayo.

Vithibitisho vitengenezwe wiki hii. Kifaa ulichonunua dukani hapa, tafuta risiti ya EFD. Ulichonunua Dubai, ankara. Ulichonunua kwa mpiga picha mwenzio kwa mkono, andikeni hati ya mauziano hata sasa, yenye namba ya kifaa, majina na shahidi, uambatanishe muamala wa M-Pesa au wa benki wa siku ile. Piga picha ya kila namba ya utambulisho ilipo, chini ya kamera na kwenye mwili wa lenzi, ujitumie kwa barua pepe. Faili za picha za kamera nyingi hubeba namba ya kamera ndani yake, kwa hiyo tunza faili halisi chache za kila mwaka. Zinaonyesha kwamba kamera hiyo ilikuwa kwako muda wote. Karatasi hizihizi zitakufaa ukirudi, ofisa wa forodha uwanjani akiuliza kama lenzi umeinunua safari hii.

Likitokea la kutokea, nenda polisi siku hiyohiyo. Hati nyingi zinadai taarifa ndani ya saa 24. Ufaransa hapo ndipo wageni wengi wanapokosea: kituoni unaweza kuandikiwa *main courante*, ambayo ni kumbukumbu tu ya tukio, au *dépôt de plainte*, ambalo ndilo shtaka rasmi. Kampuni ya bima inataka hilo la pili. Sema maneno hayo ya Kifaransa kama yalivyo, usitoke bila nakala, na hakikisha kila kifaa kimo pamoja na namba yake. Brussels utapewa *procès-verbal*. Chukua nakala au angalau namba yake. Hasara ikitokea mikononi mwa shirika la ndege, usitoke ukumbi wa mizigo bila ripoti ya tukio, ile inayoitwa PIR, halafu andika malalamiko rasmi: siku 7 tangu kupokea mzigo kama umeharibika, siku 21 kama ulichelewa. Mzigo usiofika ndani ya siku 21 una haki ya kuudai kama uliopotea. Kisha ijulishe kampuni ya bima kwa barua pepe siku hiyo, hata kama huna vielelezo vyote. Tunza pasi za kupandia ndege.

Kabla ya kulipa, hakiki kwamba kampuni na dalali wamesajiliwa na TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, na hati yako ikishatolewa iangalie kwenye mfumo wa TIRA MIS kama inaonekana. Lipa ada yote kabla ya safari. Kwa sheria ya Tanzania bila ada hakuna kinga, hata kama umeshikilia kava mkononi. Kampuni ikikataa dai kwa sababu unayoona si ya haki, dai jibu lake kwa maandishi, kisha nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kufikiria mahakama. Wanaosoma kutoka Kenya, mlango wenu ni IRA, mamlaka ya kusimamia bima ya huko.

Jambo ambalo bima hii haitagusa ni picha zenyewe. Memori kadi ikiibwa na harusi ndani yake, utalipwa bei ya kadi. Kamera yako ina nafasi mbili za kadi. Iweke iandike kwenye zote mbili, na usiku wa harusi kadi moja ilale mahali tofauti na kamera.

Nakuandikia na barua ya kutuma kwa madalali wawili au watatu, uinakili ilivyo:

"Naomba bei ya bima ya hatari zote ya mwaka mmoja kwa vifaa vya kupigia picha vilivyoorodheshwa hapa chini, vinavyotumika kwa kazi ya malipo, Tanzania na dunia nzima, pamoja na lenzi moja niliyoazimwa. Naomba majibu kwa maandishi: Je, kila kifaa kitalipwa kwa thamani iliyoorodheshwa bila ukomo mwingine? Je, malipo ni kwa bei ya kifaa kipya? Nabeba kiasi gani katika kila dai? Neno 'bila uangalizi' lina maana gani kwenye treni, ukumbini, garini na hotelini? Kinga ipo shirika la ndege likinilazimisha kushusha begi langoni? Kuanguka na maji vimo? Ni vielelezo gani mtavitaka kwa wizi uliotokea nje ya nchi?"

Atakayejibu maswali yote saba kwa maandishi, hata kama ada yake imezidi kidogo, mpe kazi. Majibu yake yaambatanishwe kwenye mkataba, na tarehe ya kuanza kinga iwe ya siku kabla ya safari, ili njia ya kutoka nyumbani hadi Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere nayo iwe imo.